Cheti cha Mwanasiti

Pongwe, 14 Juni 1956

Mume wangu Hatibu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, mihogo imestawi.

Jumamosi nilikwenda shuleni Raskazone kupokea cheti changu cha kusoma na kuandika. Basi likapata pancha, dereva akasema tungoje. Nikavua viatu nikakimbia. Nafika langoni, mwalimu anaita mara ya mwisho, "Mwanasiti binti Shekhe!"

"Nipo, mwalimu! Usiliruke jina langu!"

Nikapewa mbele ya watu.

Niliporudi nikazitoa barua zako zote alizokuwa akinisomea jirani yetu Mastura. Ile ya mwezi wa Rajabu inasema umeoa huko Mombasa. Hapo Mastura hakunisomea. Simlaumu. Tangu Jumamosi silali. Njoo unitamkie mwenyewe.

Ni mimi mkeo, ikiwa bado,
Mwanasiti