Sahani Yangu Ni Nyeupe

Nyumba ya nyuma ya gereji,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nakupa, maana mama alitulea kusalimiana hata tukinuniana. Mgongo unaendeleaje? Koti unavaa? Sisi wazima, ila presha yangu imepanda, na aliyeipandisha ni wewe. Simu sipigi, nitakutukana bure.

Binti yangu kakukosea nini? Ulimwambia hao nondo wa milia mnaowachunguza huko makumbusho wanafanana mno wakikunja mabawa, mpaka uone mabawa ya nyuma, meupe au ya manjano, ndipo ujue ni yupi. Akakusikiliza. Akamweka mdudu kwenye friji yangu, kando ya maziwa, apoe atulie. Nikasogeza maziwa. Usiku akamfungua mabawa taratibu juu ya sahani, akapiga picha hapo jikoni, akaituma kwenye kundi lenu la simu: "Mjomba, huyu ni wa manjano."

Nawe ukajibu, wakubwa wote wa makumbusho wakisoma: "Hata sahani ni ya manjano, mpwa wangu. Nayo ni nondo?" Wakacheka weee!

Sahani yangu ni nyeupe! Taa ya jikoni ndiyo ya manjano. Na hilo uliliona, ndiyo maana ukalifanyia mzaha. Ulishindwa nini kumwambia pembeni, "Mwanangu, rudia mchana, dirishani"? Mdomo ulikuwasha?

Mwisho wa mwezi anatakiwa aanze kazi hukohuko makumbusho, kupanga picha za wadudu. Sasa hataki. Anasema watamwita Sahani. Kamera kaisukumia chini ya kitanda, chakula anakichokoachokoa tu.

Tumembembeleza, wapi! Mimi niliishia darasa la nne, nondo na kipepeo kwangu ni mamoja. Nitamwambia nini akaamini? Anayemwamini ni wewe, na hapo ndipo unaponiudhi zaidi.

Basi rudi kwenye kundi lilelile, mbele ya walewale, useme kwamba habari ya taa hukumfundisha. Usinitumie zawadi. Zawadi nitairudisha.

Msalimie mkeo, na mapacha wavae soksi. Shemeji yako anakusalimu, na shangazi mshonaji pia. Mungu akulinde, na mdomo wako aulinde zaidi.

Mpwa wako hajakusalimu. Nilimwuliza mara mbili, akageukia ukutani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa hasira.