Siwezi Kuuza Televisheni Nisiyokuwa Nayo

Jericho, Nairobi

Mama Mwende, mke wangu,

Nakusalimu kwanza, ingawa barua yako haikunisalimu. Mwende amepona kikohozi? Mama naye, magoti yanamruhusu kwenda kanisani? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni kaka yako Kyalo.

Unaandika kwamba nimenunua televisheni huku nyinyi mnavujiwa, na kwamba nisipoiuza mwezi huu utafunga virago urudi kwenu. Televisheni! Mimi? Kama ningekuwa mtu wa namna hiyo, si ungeshanijua zamani? Nimekasirika, mke wangu, na sifichi.

Sikiliza basi. Pale karakana yetu ya kutengeneza redio, paa linavuja pia. Mvua ilipozidi, bosi alituambia kila fundi abebe kifaa kimoja akakilaze kwake hadi mabati yabadilishwe. Mwenzangu alipewa mita, ile ndogo yenye mshale, inayokwambia waya una volti ngapi. Akaitia kwenye mfuko wa koti, akaenda zake. Mimi nikapewa oskiloskopu, nzito kama gunia la mahindi, nikaibeba begani mpaka Jericho. Nayo inapima umeme, ila badala ya mshale ina kioo, na kwenye kioo unaona umeme wenyewe ukichorwa, mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Mstari huo tunauita wimbi. Wimbi likikatika au likipinda vibaya, najua redio imeugua wapi. Basi. Humo hamna mtangazaji, hamna mpira, hamna habari.

Jumapili nikaiwasha nione kama haikuingia maji. Kyalo alikuwa amekuja kunitembelea, ameketi kitandani anakunywa chai. Majirani wakaona mwanga dirishani. Kufumba na kufumbua chumba kimejaa, watu na stuli zao!

"Baba Mwende, mbona picha haiji?" akauliza mama wa mlango wa pili.

"Haina picha, mama. Ni ya kupima mawimbi."

"Buda, wacha mchezo," akasema kijana mmoja. "Hii ni ya rangi ama ni blakenwaiti?"

"Ni ya kijani!" nikamfokea. Wote wakacheka, wakadhani nawaficha stesheni. Wakakaa wakiutazama ule mstari hadi wakachoka wenyewe. Sasa mama wa mlango wa pili hanisalimii, ati nina choyo.

Na Kyalo? Nilimweleza polepole, akaitikia, "Nimeelewa, shemeji." Ameelewa nini? Angeniuliza hata mara kumi ningemjibu. Badala yake amefika huko, hata viatu hajavua, anatangazia kanisa zima kwamba shemeji yake ana televisheni. Nawe ukamwamini. Hapo ndipo ninapoumia. Hukuniuliza, mke wangu. Ulinihukumu tu.

Mabati nitakuja nayo likizo ya Agosti kama nilivyokuahidi. Sijabadili neno.

Nisalimie mama yangu, umwambie asiinue ndoo mpaka nije. Msalimie baba mkwe kwa heshima zote, na mwenyekiti wa akina mama kanisani, naye umweleze ukweli wote mbele ya wenzake. Kyalo hana salamu zangu.

Lakini kuhusu virago, vifunge. Usivipeleke kwenu, vilete hapa. Karakana bado inavuja na mashine bado iko mezani kwangu. Kuna maikrofoni tunayotumia kujaribia redio. Nitaiunganisha, uishike, unigombeze hadi utosheke. Sauti yako itapanda kwenye kile kioo, na mimi nitakaa kimya nikiitazama. Tangu Krismasi sijaisikia.

Mumeo,
Baba Mwende