Viatu vya Nuredini Bado Viko Mlangoni

Mwaka umezunguka, Nuredini, tangu tulipokuzika hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mbali na milima ya Tokat huko Uturuki ulikozaliwa, na nyumba yako bado haijatulia. Mkeo Nafisa hakai akatulia. Anafagia palipokwisha kufagiwa, anachungulia njiani kama aliyeahidiwa mgeni, kisha anarudi pale mlangoni vilipo viatu vyako vya mieleka. Leo huvitia uvunguni, kesho huvirudisha mlangoni. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lako wewe lipo, na kila anayeingia hujikwaa nalo.

Ulikuja kwetu fundi wa kuchomelea vyuma, bega la kulia limelala. Nafisa ndiye aliyekuuliza bega limepatwa na nini. Ukamwambia yote: kwamba ulianza mieleka ukiwa mtoto, malishoni, kwamba ukaingia mtindo huru, ule unaoruhusu kukamata miguu, kwamba ulivaa vazi la taifa lako ukarudi na medali ya shaba, na kwamba bega liliteguka siku uliyokwenda kuitafuta dhahabu. Ulisimulia ukicheka. Nafisa hakucheka, na ulizoea kusema kwamba hapo ndipo ulipompenda.

Ulikuwa mpole kuliko umbo lako. Chai uliinywa kwenye bilauri ndogo, sukari ukaitia mdomoni badala ya kwenye chai, na watoto wa mtaa wakakuiga mpaka mama zao wakaficha sukari. Jioni ulikuwa wao, wakikuita Mister, yaani kocha, na kukuuliza kwa Kireno kama kuna mazoezi.

"Mister, leo tem treino?"

"Tem. Nani hajafanya kazi ya shule?"

Wakaanza kujificha mmoja nyuma ya mwenzake, na bado uliwafunza wote.

Siku tulipokimbia vita kuelekea mpakani Namoto, mama mkwe wako, Bi Atija, aligoma njiani. Miguu ilikuwa imekwisha. Ukainama ukamtwaa mabegani kama ulivyokuwa ukiwanyanyua wapinzani wako.

"Niweke chini! Mkwe hamshiki mkwewe!"

"Mama, radhi nitaiomba ng'ambo."

Ukaiomba kweli, umepiga magoti, tulipokwisha kuvuka mto Rovuma na kuingia Tanzania. Tangu siku hiyo hakukuita mkwe tena. Alikuita mwanangu.

Tuliporudi, ulitaka kuaga mieleka kama wanavyoaga wenzako: mtu hucheza mara ya mwisho, huvua viatu vyake, huviacha katikati ya ulingo, akaondoka pekupeku. Desturi hiyo ulituambia baadaye tu. Ulingo hatukuwa nao, tukatandika kiwanjani jamvi la maulidi la Bi Atija. Ukacheza na Zacarias, mwanafunzi wako mkubwa, naye akakuangusha kwa haki. Ukavua viatu, ukaviacha, macho yamejaa maji. Hujafika ukingoni, Bi Atija ameshaviokota.

"Kupigana navyo nimestahamili," alisema, "lakini kuviacha juu ya jamvi la maulidi, hapana, mwanangu. Shika viatu vyako."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Basi mama amenirudisha kazini," ulisema, na kesho yake ukawa kiwanjani tena na watoto. Hukuacha hadi asubuhi ile moyo wako uliposimama.

Tangu hapo Nafisa ana neno moja: hukuaga mieleka, bado uko kazini. Kakako Kemal alipopiga simu kutoka Tokat, naye aliuliza taratibu kama viatu viliachwa. Nafisa akamsihi mama yake: wewe uliyeviokota, virudishe katikati ya jamvi. Bi Atija akakataa katakata. Walinuniana, wakawa wanakula sahani mbalimbali, jambo ambalo usingelivumilia hata siku moja. Mpaka juzi, Nafisa alipomkuta mama yake ameketi mlangoni, anavipiga brashi viatu vyako huku analia.

"Nikiviweka, Nafisa, ndiyo amekwenda."

"Amekwenda, mama. Ila hajapumzika."

Bi Atija aliendelea kupiga brashi. Baadaye akauliza jamvi limewekwa wapi.

Dua yako itasomwa Ijumaa hii baada ya alasiri, kiwanjani palepale. Ikiisha, Bi Atija ataingia katikati ya jamvi na viatu vyako mkononi. Amesema hataki kushikwa mkono na mtu.

Wanakukumbuka mkeo Nafisa. Binti yako Dalila. Mama yako wa huku, Bi Atija. Shemeji zako Suleimane na Cassamo. Kakako Kemal na jamaa wote wa Tokat. Zacarias na watoto wote waliokuita Mister.

Hutatutoka moyoni, Nuredini, maadamu tuko hai. Nanyi mtakaokuja Ijumaa, mkiviona viatu katikati ya jamvi, tunawaomba sana, mtu asiviokote.