Minazi ya Kona ya Mwisho

Kigombe, 14 Januari 2025

Zubeiri mwanangu,

Salaam aleikum. Natumai uko mzima huko Muskati na kile kifua kimepona. Mie mzima, ila leo usitarajie salamu ndefu. Naandika kwenye simu, kidole kimoja, kwa sababu nikikupigia unasema mtandao mbovu, na mtandao wenyewe huharibika pale tu ninapoanza kukusema.

Jana nimerudi kutoka msibani Muheza. Kabla sijafika hata nyumbani nikapita uwanja wa mbio za pikipiki, kuangalia kama mvua ya juzi imekula kona. Nakuta nini? Miche ya minazi. Imepangwa mstari kuanzia getini, imezunguka njia yote ya pikipiki, kila mmoja na kijiti chake. Nikamwita Badru, huyo mwenyekiti wa klabu yenu, nikamuuliza nani kafanya haya. Akachekacheka, akasema ni maelekezo ya Zubeiri.

Wewe mtoto una akili timamu? Ungekuwa umekuja na basi juzi ningesema hujui. Umezaliwa hapa. Shamba la kuazimwa halipandwi mti wa kudumu. Muhogo sawa, kunde sawa, mahindi sawa. Ukipanda mnazi umeshasema ardhi ni yako, hata kama mdomo umeufunga. Mnazi mmoja tu unatosha kuleta kesi wakairithi wajukuu.

Bi Mwanasiti alimwazima marehemu mume wangu uwanja ule mbele yangu, tumekaa kwenye mkeka wake. Alisema tuendeshe pikipiki zetu mpaka tuchoke, ila tusimpandie mti. Masoud akasema haya, na neno lake likatosha mpaka amekufa. Ule uwanja wa mjini sasa ni maghala. Ule wa njia ya Ushongo wamejenga nyumba za wageni, na pale mlipokuwa mnaanzia mbio pana bwawa la kuogelea. Umebaki huu wetu, pwani yote hii, na ninyi mnauchezea.

Mwambie Badru aing'oe yote kabla Bi Mwanasiti mwenyewe hajapita akaiona. Pikipiki yako ipo kwenye banda la jikoni. Kuku wanatagia juu ya kiti, maana mwenye kiti haji.

Shangazi yako,
Nasra


Muskati, 15 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijambo, kifua kimetulia, ni ule ubaridi wa asubuhi tu ninapopeleka vyakula vya watu. Pole na msiba, na pole na safari.

Usininunie. Nilitaka kukwambia ni kivuli cha watazamaji, nikakumbuka kwamba tangu mdogo ukinitazama usoni unajua nadanganya, na naona hata kwenye simu utajua. Basi ukweli ni huu. Hatibu, yule mtoto wa Bi Mwanasiti anayekaa Dar, anatafuta mnunuzi. Badru kamwona pale uwanjani na watu wa gari kubwa wakipiga picha. Na mnunuzi mwenye akili hanunui ardhi yenye mti wa mtu mwingine, anajua itampeleka baraza la ardhi mpaka azeeke. Kwa hiyo shangazi, sikusahau mila. Nimepanda kwa makusudi.

Sisi hatuna hati. Wakubwa wa michezo hata hawajui kama tupo, kwao pikipiki ni bodaboda. Tungewazuia na nini?

Huku naendesha toka asubuhi, lakini ni kwenda moja kwa moja na kusimama kwenye taa, mgongoni nimebeba wali wa mtu. Hakuna anayejua kwamba naweza kuingia kona tairi la nyuma likiwa limekwenda pembeni, bila breki, mguu wa kushoto unalima vumbi na kile kiatu cha chuma alichonitengenezea Mzee Masoud. Nimeomba likizo nije nishindane Idd ya kuchinja. Uwanja ukiondoka nije kufanya nini? Nakuomba, iache minazi.

Mwanao,
Zubeiri


Kigombe, 20 Januari 2025

Zubeiri,

Marahaba. Mie mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo umeniuma kwa ajili yako.

Nimeing'oa. Badru alikataa, akasema anasubiri kauli kutoka Muskati, utadhani Muskati ndiko kwa mkuu wa wilaya. Nikaazima toroli, nikachukua jembe, nikaizunguka njia yote peke yangu huku hao mabingwa wenu wamekaa juu ya pikipiki wananitazama. Hakuna hata mmoja aliyenipokea jembe. Mnajua kushuka kwenye pikipiki kwa mbwembwe, kazi hamjui.

Nikaipeleka miche yote kwa Bi Mwanasiti. Nikamwambia vijana wamekosa adabu, ahadi ya Masoud iko palepale, na hii ni minazi yake aipande anapotaka. Akaitazama muda mrefu, akasema ahsante kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Hata chai hakunikaribisha. Nikajua ameguswa.

Wewe unataka kuushika uwanja kwa ujanja. Masoud aliushika kwa neno lake na hakuna aliyemsumbua. Na huyo Hatibu hawezi kuuza mali ya mama yake na mama yupo hai, anaona na anasikia. Acha maneno. Njoo Idd ya kuchinja ushindane. Nimeshaagiza mabaki ya mkonge tuchanganye na udongo kwenye kona, vumbi litulie.

Shangazi yako,
Nasra


Muskati, 11 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Najua nimekaa kimya muda mrefu na najua umenisema kwa kila mtu. Mimi mzima. Natumai mgongo umepona.

Badru kaniambia wapimaji wamekuja. Wameweka mawe ya mipaka, moja wameliweka katikati ya njia, pale pale pa kumalizia. Mnunuzi aliuliza mara moja tu kama kuna mti wa mtu humo ndani. Hatibu akamwambia hakuna, tembea utazame mwenyewe. Akatembea, akatazama, akaridhika. Wanasubiri mfungo uishe waandikishiane.

Sikulaumu, wewe ni mkubwa wangu. Ahadi ya Mzee Masoud umeitimiza na hakuna atakayekusema vibaya. Lakini hongera sitakupa, shangazi, itanikaba.

Kazini wananitaka nisaini miaka miwili tena, na nikisaini sina likizo mwaka huu. Nilikuwa nawazungusha. Jibu wanalitaka mwezi wa nne, na sioni sababu ya kuendelea kuwazungusha. Pikipiki iuze hata kwa wanunua vyuma chakavu. Kiatu mpe Badru, ingawa sijui atakanyagia wapi.

Mwanao,
Zubeiri


Kigombe, 16 Machi 2025

Zubeiri mwanangu,

Salaam aleikum. Usiniulize hali. Nimefunga, nina njaa, na nina hasira na kila mtu, mwanzo wewe, kisha mie mwenyewe, halafu huyo mwanamke wa watu.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Bi Mwanasiti. Nikamkuta kwenye mkeka uleule anachambua mchele wa futari. Nikamsalimu, nikamwambia mama, mwanao anauza uwanja na wewe upo. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Akaweka ungo chini, akaniuliza:

"Nasra, nani alikutuma kung'oa?"

Nikasema ahadi. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekumwagia mchuzi.

"Mwanangu siwezi kumwambia hapana. Ndiye anayenilisha. Nilitaka ile minazi imwambie."

Zubeiri, alikuwa ameiona toka siku ya kwanza. Alipita asubuhi, akaiona imesimama na vijiti vyake, akajifanya hakuona, akarudi kwake anamshukuru Mungu. Halafu naja mie na toroli. Namshushia miche mlangoni, najisifu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambiaje, maana angefungua mdomo tu ingekuwa yeye ndiye kampandia mwanawe kesi. Alinitegemea niwe mvivu, akasema, watu wote wa Kigombe wangekuwa wavivu kwenye jambo hilo isipokuwa mie.

Nimerudi nyumbani nimelia kwa hasira. Neno la Masoud nimelishika kwa mikono miwili na kwa kulishika nimeupoteza uwanja wa Masoud. Kama ningekuwa mtu asiye na haya, mngekuwa mnazunguka pale mpaka leo. Na ninyi, mpo kundi zima, hakuna aliyekuwa na akili ya kuninyang'anya jembe?

Miche ile imekauka uani kwake. Kupanda upya hatuwezi, wapimaji wameshapita na Hatibu kaweka mlinzi getini. Nimekwambia yote. Nijibu, hata kama ni matusi.

Shangazi yako,
Nasra


Kigombe, 5 Aprili 2025

Zubeiri mwanangu,

Idd mubarak, ingawa imepita na wewe hukunijibu. Badru ananiambia u mzima, unamjibu yeye. Haya.

Siku ya Idd pili mbio hazikuwepo. Mlinzi alikataa kufungua. Watu walikuja na watoto wao wamevaa nguo mpya, wakasimama barabarani wanatazama geti, wakanunua ubuyu, wakarudi. Nikashindwa kuwatazama. Nikapita upande wa nyuma, kwenye kona ya mwisho, mlikorundika matairi ya kuzuia watu wasiumie. Nikakaa pale juu ya tairi nipumue.

Basi nikauona. Nyuma ya matairi, katikati ya majani, mnazi mmoja. Sikuuona siku ile na jembe langu. Umeshika kabisa, umetoa jani jipya, na mbuzi wa watu wameanza kuung'ata pembeni. Nikautazama sana. Kesho yake nikarudi na miiba, nikauzungushia. Mlinzi aliniona akadhani naokota kuni.

Jana Hatibu kaja na mnunuzi kumaliza mambo. Wamekuja na mwenyekiti wa kijiji na Bi Mwanasiti mwenyewe, kachukuliwa na gari kwa sababu lazima aweke dole gumba. Nasi tukafuata, si unajua watu wa hapa. Wakazunguka mpaka kona ya mwisho. Mnunuzi akaona miiba, akasogea, akasimama. Akauliza mti huu wa nani.

Hatibu akasema wa mama. Bi Mwanasiti akasema yeye hajapanda kitu, akaanza kujifunga upya kanga yake ya kichwani, akawa ameshughulika nayo kabisa. Mwenyekiti wa kijiji akauliza tena, mti wa nani. Badru akatazama viatu vyake. Wakanigeukia mie, kwa sababu kila mtu Kigombe anajua kwamba kuhusu ardhi ile Nasra hasemi uongo.

Nikasema, "Wangu."

Mungu anisamehe, na Masoud anisamehe. Mnunuzi hakubishana, alirudi garini akafunga mlango. Hatibu amesema atanipeleka baraza la ardhi. Nikamwambia anipeleke, mie mjane sina kazi, nitahudhuria kila wanaponiita. Mama yake naye asubuhi hii kaniletea maandazi kwenye bakuli lililofunikwa, na bado ya moto.

Sijui kama uwanja utapona. Huenda tukashindwa, huenda akaja mnunuzi mwingine asiyejali miti ya watu. Lakini mpaka baraza liamue hakuna wa kujenga pale, na mwenyekiti kamwambia mlinzi aondoke. Jiwe la mipaka Badru amelifunika na tairi, mtalizunguka.

Idd ya kuchinja haiko mbali. Hiyo karatasi ya kazini kwako usiisaini. Kuku nimewafukuza kwenye pikipiki yako na kiti nimekiosha.

Shangazi yako,
Nasra