Nyimbo 212 Ndani ya Kompyuta ya Mzee

Jumatatu, 2 Machi 1998

Ndugu yangu Aron amekuja kutoka chuo Nairobi na CD moja kwenye mfuko wa shati – Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta! Anasema si lazima nifute Windows. Unaigawa diski, huku Windows, huku Linux, na kila ukiwasha mashine inakuuliza leo unataka nani. Wake wawili nyumba moja, nikamwambia. Akasema hawa hawagombani. Haya, tutaona.

Mzee Nyamweya, mwenye duka hili la kuchapa, yuko kwenye matanga Nyamira hadi Jumamosi. Ameniachia funguo na amri moja: niangalie kompyuta. Kuangalia nimeangalia. Sasa mikono inawasha.

Jumanne, 3 Machi

Nimefanya!

Lakini sikuenda kichwa kichwa. Humo ndani mna nyimbo 212 za kanisa, za Kikipsigis, miezi mitano ya vidole vyangu, kila wimbo na faili yake. Kitabu kinawekwa wakfu mwisho wa mwezi. Kwa hivyo jana nilizinakili kwenye disketi mbili, nikampa mama nyumbani azihifadhi vizuri. Ndipo leo nikagawa diski. Aron aliketi kando, mikono mfukoni – fanya mwenyewe ndio ujue – na saa nane akaenda kutafuta basi. Stima haikupotea hata mara moja, hapa Chepilat! Saa tisa skrini ikawa nyeusi, herufi nyeupe, inaniuliza jina langu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 4 Machi

Windows haiamki.

Nimeichagua mara kumi na moja. Kimya. Nimepiga simu ya kibandani hadi hosteli ya Aron, hakuna anayeshika. Si neno, disketi ziko.

Jioni. Disketi! Mama aliziweka juu ya meko, kwenye dari ya jikoni, pamoja na mbegu za mahindi na cheti changu cha ubatizo. Akashangaa kwa nini nauliza: vitu vya maana huwekwa wapi kwani? Moshi hufukuza wadudu. Kweli, hakuna mdudu aliyezigusa. Zimejikunja, zina rangi ya chai ya maziwa. Nikacheka, kisha nikalia. Kosa ni langu. Hata mimi ningekuwa na mbegu ningeziweka pale pale.

Alhamisi, 5 Machi

Naogopa, wacha niseme. Kazi itaenda. Na Mama Dorcus, kiongozi wa kwaya, nitamtazama kwa macho gani?

Saa saba. Aron amepatikana! Amecheka kwanza – nitamkumbuka kwa hilo. Kisha akasema Linux inaweza kuchungulia upande wa Windows. Akanitajia maneno ya kuandika, nikayaandika kiganjani, nikatoka kibandani mbio.

Zipo! Zote 212, nimehesabu mara mbili! Windows bado imelala na printa sijui kuiamrisha kutoka huku, lakini nyimbo zipo. Nimepiga haleluya mpaka kinyozi wa jirani akaja kuchungulia.

Ijumaa, 6 Machi

Naandikia mapajani. Mama Dorcus amekuja saa tatu kuhakiki. Yeye hasomi wimbo, huuimba wote, beti zote, ndipo anajua kama kuna kosa.

“Na leo imekuwa nyeusi, hii kitu?”

Nikamwambia hivi haichoshi macho. Akakubali, hata miwani akaweka chini.

Wimbo wa 37, mlango ukafunguka. Mzee Nyamweya! Siku nzima mapema! Akaona skrini. Akafungua mdomo. Lakini wimbo ulikuwa katikati, na mtu hakatizi wimbo – akavua kofia, akasimama wima. Wa 38 kumbe anaujua. Akaingia na besi, kwa Kigusii. Mama Dorcus akamsukumia kiti kwa mguu bila kuacha kuimba.

Sasa tuko wa 61. Kila wimbo ukiisha Mzee anavuta pumzi: “Msichana wangu, hii Windows yangu –” Nami niko mwepesi, naleta unaofuata. Mama Dorcus anauanza, Mzee anafuata, anaimba huku ananikodolea macho.

Zimebaki 151.

Mama Dorcus ameomba maji.