Mzee Radi kaniuliza mimi ni nani

Shoga, sikia. Nimejifungia chumba cha mavazi.

Si unajua yale mahojiano yetu ya nyuma ya jukwaa, kabla ya mieleka? Leo zamu ya Mzee Radi, tena mubashara. Alitakiwa aseme atamvunja mtu mbavu, mimi nishtuke, basi.

Akanitazama weee. Kisha akasema, "Binti, wewe ni nani?"

Miaka tisa namshikia maiki yule mzee! Harusini kwangu alicheza mpaka soli ikabanduka!

Nikadhani anaongeza chumvi tu, kama kawaida yake. Mtayarishaji huku ananipigia kelele sikioni, "Safi! Mkamue!" Na mimi nikamkamua, shoga. Nikamuuliza, "Mzee, unaogopa?"

"Naogopa. Wewe ni nani?"

Nikafanya ile sura yangu ya kushtuka. Nikaifanya vizuri kabisa.

Kamera ilipozimwa, wote wakapiga makofi. Eti hajawahi kuigiza vile, wiki ijayo arudie hivyohivyo.

Alikuwa bado kanishika mkono, hauachii. Akaninong'oneza, "Binti, wanampigia nani makofi?"