Dume Mwekundu wa Mahona

Jumatatu, 2 Julai 1990

Wiki ya saba tangu chuo kifungwe na sisi wenye midomo turudishwe makwetu. Nilidhani mapambano yangu nimeyaacha Dar es Salaam. Huku Nkoma navuna pamba, mikono imechanika, sina wa kumhutubia.

Leo amekuja askari na baiskeli na hati ya wito. Baba anashitakiwa kwa kusema uongo baada ya kuapa. Baba! Masalu Machibya, mzee wa kanisa, mtu anayerudi njia nzima kusahihisha salamu aliyoifikisha vibaya. Adhabu ya juu ni miaka saba. Ana miaka sitini na minne.

Aliishika hati kichwa chini miguu juu, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Akasema, haya, tumalize mstari huu kabla jua halijawa kali. Tukamaliza mstari.

Jumatano, 4 Julai

Bariadi. Maduka yamejaa redio na mashati ya mitumba. Kila kitu ruksa siku hizi, isipokuwa kuuliza. Karani wa mahakama, Bwana Salvatory, alikataa kunionyesha jalada. Nikamwambia mimi ni mwaka wa tatu sheria na najua haki ya mshitakiwa. Akacheka. "Mwanasheria mwenye pamba kwenye nywele." Lakini alinipa, na kiti akanipa.

Nayaandika hapa ili yakae sawa kichwani.

Januari, kijana Mboje alikamatwa njiani akiswaga dume mwekundu kutoka zizini kwetu. Baba aliitwa kuwa shahidi. Akaapa kwa Biblia. Mwendesha mashitaka akamwuliza: dume ni wa nani? Baba: wangu. Akaruhusiwa kurudi nyumbani, akarudi.

Aprili, mzee Mahona, rafiki wa baba wa miaka yote, alifariki. Shauri la mirathi likafunguliwa, baba akaitwa tena, akaapa tena. Ng'ombe za marehemu ziko wapi? Baba akazitaja moja moja, pamoja na dume mwekundu.

Viapo viwili, dume mmoja. Hakimu ni yule yule.

Nikamwuliza Bwana Salvatory kesi hizi huishaje. Akasema zamani ziliishia kwa onyo, maana hapa nani asiyeongeza neno kortini? Hakimu huyu mpya anafunga.

Alhamisi, 5 Julai

Nimemwuliza baba kwa nini. Alikuwa akikaza kamba ya jembe la kukokotwa, hakuinua macho.

"Ng'wanone, mwanangu, mgeni akikuuliza ng'ombe hizi ni za nani, unamjibu nini?"

"Zetu."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, baba."

"Basi. Hakimu alikuwa mgeni."

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mwenye ng'ombe nyingi hazilundiki pamoja, zisije zikafagiliwa na ugonjwa au wezi kwa siku moja. Huzigawa kwa marafiki wazitunze. Mtunzaji hunywa maziwa, hulimia, na mbele ya mgeni husema zangu. Kumtaja mwenyewe ni kumvua nguo barabarani. Mahona alipokufa, wajibu wa kuficha ulikufa naye, ndipo baba akasema.

Na nimepata utetezi! Nimeutafuta kwenye madaftari yangu yote. Katika kosa la wizi, sheria humhesabu mtu aliyekabidhiwa mali kuwa mwenye mali pia. Kwa hiyo neno "wangu" halikuwa uongo. Tena kiapo cha uongo hakithibitishwi kwa kinywa cha shahidi mmoja. Tena lazima uongo uguse jambo la msingi katika kesi ile. Nimeandika kurasa nne. Mimi sina ruhusa ya kusimama mahakamani, baba atazikariri.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya ibada alikuja mama mmoja kwa miguu kutoka Migato. Sikumfahamu. Mama yangu alimfahamu, akaingia ndani.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama yule.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa sheria?"

Ng'washi. Dada yake Mahona. Mama yake Mboje.

Aliomba maji, akanywa yote. Alisema hakuja kugombana. Mwanawe amefungwa miaka mitano. Alisema kortini tangu siku ya kwanza kuwa dume alipewa na mjomba wake kwa ajili ya mahari. Mjomba alikuwa hoi hospitalini Mwanza, hakuweza kuja kusema. Na hakimu aliandika: dume si wa Mahona, ni wa Masalu, shahidi mwaminifu, hivyo mshitakiwa anatunga.

Nililisoma hilo jaladani. Nililisoma nikalipita! Nilikuwa namtafuta baba tu.

"Wakili wa rufaa anasema baba yako akionekana mkweli, wangu anabaki mwizi. Ni kweli?"

Nikaanza: sheria haiendi moja kwa moja namna hiyo, kuna tofauti baina ya umiliki na… Alinisubiri nimalize. Aliponiona nimemaliza akauliza tena, "Ni kweli, mayu?"

"Ni kweli."

Akashukuru kwa maji.

Jumatatu, 9 Julai

Nimemwambia baba yote. Hakuwa akijua. Alikwisha kuondoka kortini Mboje alipojitetea, na Mahona hakuwa amemwambia lolote kuhusu mahari. Aliamini kabisa kwamba kijana ni mwizi.

Alikaa. Akauliza Mboje ana umri gani. Ishirini na mbili. Mwaka mmoja chini yangu.

Kisha akasema, nifundishe zile kurasa.

Ijumaa, 13 Julai

Amezikariri zote. Hakosei neno. Nilijuta kuzisikia sentensi zangu zikitoka kinywani mwake — nzuri, zimepangika, si zake. Mimi niliyepiga kelele jukwaani kwamba sheria ni fimbo ya wenye nguvu! Nami nimeichonga fimbo, nikamwelekeza baba mahali pa kupiga.

Nilitaka kumwambia aache. Sikusema. Miaka saba.

Jumanne, 17 Julai

Alfajiri baba aliniita zizini. Akanyoosha fimbo: huyu wa Januarius. Huyu mwenye baka na ndama wake, wa mjane wa Marcelo. Hawa wawili wa mchungaji wa kanisa. Akaendelea hadi mwisho. Zetu ni nne tu. Hajawahi kumwambia mtu, hata mama. Hakueleza kwa nini ananiambia leo.

Saa nne. Naandika kwa penseli kwenye benchi la mahakama. Aliyetutangulia ni mtu aliyeapa kwamba siku ya ugomvi mwanawe alikuwa naye shambani, kumbe alikuwa mnadani. Miezi kumi na minane. Hakimu amemwambia, ungekiri mapema ningekupunguzia. Mkewe amebaki na kofia yake mkononi.

Wamemwita baba. Amenipa fimbo. Kurasa nne ninazo mimi, yeye hazihitaji.

Ng'washi yuko benchi la nyuma, amejifunika kanga hadi puani.

Shitaka limesomwa. Mkalimani amelirudia kwa Kisukuma. Hakimu anauliza: ni kweli au si kweli?

Baba amemgeukia mkalimani, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuulizia njia: nikisema ni kweli sasa hivi, yule kijana aliyefungwa atapata habari leo, au mpaka kesho?

Hakimu anataka kujua mshitakiwa amesema nini. Mkalimani hajatafsiri. Ananitazama mimi.